Mstari Chini ya Neno la Mwisho

"Saini hii siyo ile," alisema karani wa masjala, akakisukuma kikaratasi nje ya tundu la dirisha kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayemfukuza mdudu bila kutaka kumgusa.

Fundi Brashi alikiokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inia kifuani, ndani ya kitambaa alichofungwa na mkewe asubuhi.

"Kweli siyo ile," alisema. "Ile niliiandika nikiwa na mkono. Hii nimeiandika kwa mkono wa kuazima. Ndilo lililonileta."

"Mzee wangu, sijakuuliza mkono, nimekuuliza saini. Faili halitoki mpaka saini ifanane na ya kwenye fomu ya ridhaa. Ndiyo utaratibu."

"Huoni kwamba ni ninyi mlioiharibu hiyo saini?"

"Hayo mimi siyajui. Hayo yamo kwenye faili."

Nyuma yake, kwenye foleni, mtu aliguna. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema bila kumlenga yeyote, "Haya sasa, ufunguo wamefungia ndani ya sanduku." Watu wakacheka kicheko cha chini kwa chini, kile cha watu ambao zamu yao bado haijafika na hawataki kuonekana.

Utaratibu! Mwenye nyumba kubwa hufuga mbwa mlangoni. Mwenye ofisi hufuga utaratibu. Wote wawili hubweka wakimwona aliyekuja kwa miguu.

Fundi Brashi aliinua macho. Juu ya dirisha palikuwa na ubao wa samawati wenye herufi nyeupe: MASJALA. Aliuandika yeye, miaka tisa iliyopita, akiwa amesimama juu ya ngazi iliyokosa kipandio kimoja. Chini ya neno hilo ulipita mstari mwembamba, uliojikunja mwishoni kama mkia wa mjusi. Robo tatu ya mbao za mji ule zilikuwa na mkia huo: duka la dawa, shule, kituo cha polisi, hata choo cha stendi. Mtu aliyejua kusoma mjini pale alikuwa, kwa namna fulani, amesomeshwa na mkono wa Fundi Brashi.

"Kama huwezi kusaini," karani alisema, safari hii kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa karani tu, "ipo fomu nyingine."

"Ipi?"

"Ya wasiojua kusoma na kuandika. Unaweka dole gumba."

Mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya msingi na hakuzoea kunyamaza, alifungua mdomo. Fundi Brashi akamgusa bega. "Iletwe," alisema.

Dole gumba la kulia lilikuwa hapo, zima, lenye ukucha na mikunjo yake, lakini halikumtii. Mkewe alilishika, akalipaka wino, akalibonyeza juu ya karatasi kama mtu anayebonyeza muhuri. Alama ikatoka safi kabisa. Karani akaitazama, akaridhika.

"Rudi keshokutwa," alisema. "Utapewa nakala."

*

Walikuwa hawana siku nyingi za keshokutwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyekuwa akimkunja na kumkunjua vidole kila wiki, alikuwa amewaambia bila kuzunguka.

"Fundi, hapa mazoezi yangu ni kupaka rangi ukuta uliopasuka. Mshipa wako wa fahamu umekatika, naamini hivyo. Unaweza kuungwa, lakini mshipa hausubiri mtu. Ukipita mwezi wa sita tangu kukatwa, nyama ya kidole inasahau kazi yake. Na huko hospitali kubwa hawatakupokea bila barua ya rufaa inayosema kilichokatwa ni nini na ni wapi. Hakuna daktari anayeingia gizani."

Huo ulikuwa mwezi wa nne, tena mwishoni.

Nakala zilipotoka walizitandaza juu ya meza ya kulia, baada ya mkewe kuifuta mara mbili. Shemeji mtu, kaka wa mke, alikuwa amekuja kusikiliza. Huyu alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wote alikuwa na jibu la kila swali kabla halijaulizwa.

"Soma hapo, shemeji," alisema. "Nini hicho? 'Uvimbe umetolewa. Hakuna tatizo.' Basi! Wameshajiandikia wenyewe. Utapambana na karatasi?"

"Hakuna tatizo," mke alirudia. "Mume wangu anashindwa kufunga kifungo cha shati, hakuna tatizo. Jana kikombe kimemponyoka akaona haya kuniambia, akaokota vigae peke yake. Hakuna tatizo!"

"Dada, mimi sisemi kwamba hakuonewa. Nasema daktari ni mtu mkubwa. Kesho utaugua wewe, utapelekwa wapi? Ukimtukana mamba hujavuka mto..."

"Mwache mamba kwenye maji yake. Huyu alikuja na kalamu."

Fundi Brashi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameishika fomu ya ridhaa karibu na uso wake, akiigeuza kuelekea dirishani, kama alivyokuwa akichunguza ubao kabla ya kupaka rangi ya kwanza.

Uvimbe wenyewe ulikuwa kitu kidogo, mfano wa punje ya mahindi, upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ulimsumbua tu anapoandika herufi ndefu. Daktari mpasuaji, kijana aliyevaa miwani, alimwambia ni maji yaliyojikusanya, na kwamba kuna njia mbili: kuyanyonya kwa sindano, au kupasua na kuutoa mzima. Fundi Brashi akamjibu kwa maneno ambayo aliyakumbuka yote, kwa sababu aliyapanga usiku kucha: "Daktari, mkono huu ndio jembe langu. Sindano nakubali. Kisu sitaki. Uvimbe ukirudi, nitarudi unyonye tena." Daktari akasema sawa, hakuna shida. Muuguzi akaandika kwenye fomu: Kunyonya uvimbe kwa sindano. Akamwambia, "Saini hapa." Akasaini.

Siku ya siku walimlaza, wakamtia ganzi mkono mzima, toka bega mpaka kucha. Alishangaa. Ganzi yote hiyo kwa sindano moja? Lakini hakuuliza. Maskini akiuliza huitwa mbishi, tajiri akiuliza huitwa makini, na Fundi Brashi alijua vizuri ataitwa lipi. Wakasimamisha kitambaa cha kijani kati ya uso wake na mkono wake. Alikuwa macho kabisa. Alisikia daktari akimwuliza mtu habari za mpira wa jana. Alisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayefungua bahasha. Ukapita muda mrefu kuliko wa sindano yoyote aliyoijua. Akasema, "Tayari?" Sauti ikamjibu nyuma ya kitambaa, "Tulia mzee, tupo hapa hapa." Akatulia. Kutulia kule ndiko kulikomtafuna kuliko kovu lenyewe, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

"Njooni muone," alisema sasa.

Wakainama wote watatu. Kwenye sehemu iliyoandikwa Upasuaji Uliokubaliwa palikuwa na mistari mitatu ya nukta nukta. Wa kwanza ulijazwa: Kunyonya uvimbe kwa sindano. Wa pili pia ulijazwa: na kuutoa kwa kupasua. Mwandiko ulikuwa mwingine, wa kulala, wa mtu mwenye haraka.

"Lile la pili halikuwepo," Fundi Brashi alisema.

"Utalithibitishaje?" shemeji aliuliza. "Neno lako na lao. Neno lako litapigwa kumbo."

"Neno langu, ndiyo. Lakini hebu tazama hapa katikati. Unauona?"

Kati ya sindano na kupasua ulipita mstari mwembamba wa wino, toka ukingo mpaka ukingo, na mwishoni umejikunja kama mkia wa mjusi.

Kinyozi aliutazama. Kisha, pole pole, uso wake ulianza kubadilika, na akajikuna kisogo. "Lahaula," alisema. "Huo mstari ni dhambi yangu."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi nyuma Fundi Brashi alimwandikia shemeji yake ubao wa bure, KINYOZI MAKINI, kwa herufi zenye kivuli cha dhahabu, kazi ambayo watu walisimama kuitazama. Baada ya wiki mbili shemeji akachukua brashi ya kupakia viatu na kuongeza chini yake, kwa herufi zilizolewa, NA KUCHAJI SIMU PIA TUPO. Mji mzima ukaamini ni kazi ya Fundi. Wateja wawili wakamkimbia. Akaapa siku hiyo kwamba kazi yake yoyote, ikishafika mwisho, ataifunga kwa mstari chini ya neno la mwisho, ili atakayeongeza lake ajulikane kuwa si yeye. Mazoea yakawa tabia. Alipiga mstari huo kwenye mbao, kwenye barua, kwenye daftari la duka, hata kwenye karatasi ya mkewe ya kwenda sokoni, mpaka siku moja kapu lilirudi bila vitunguu kwa sababu viliandikwa chini ya mstari.

"Muuguzi alinicheka," Fundi Brashi alisema. "Alisema, 'Mzee, mbona unatuchorea fomu?'"

*

Waliitwa baada ya barua tatu, zote zilizochapwa na binti yao, Chiriku, aliyefanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Barua mbili za kwanza zilianza na "kwa heshima na taadhima". Ya tatu haikuanza hivyo.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, na chupa za maji upande mmoja tu wa meza. Mganga mkuu alikaa katikati, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Kulia kwake daktari wa miwani, akitazama mikono yake. Kushoto, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama wa makamo aliyevaa saa kifuani.

"Mzee wetu, karibu sana," mganga mkuu alianza. "Na mama, karibu. Sisi hapa hatuna ugomvi na mtu. Barua ya rufaa hii hapa, nimeshaitia saini. Na hii ndogo ni ya kumbukumbu zetu tu. Ukiweka dole lako, unachukua barua, unaenda zako kutibiwa. Muda ni mali, sivyo?"

Mkewe alimwegemea Fundi Brashi. Alikuwa amechoka, kila siku aliyokuja hospitali aliiomba kwa mwalimu mkuu kama anayeomba maji jangwani. "Weka, Baba Chiriku," alinong'ona. "Tuokoe mkono kwanza. Maneno baadaye."

Fundi Brashi alizivuta karatasi mbili kwa mkono wa kushoto, akazisoma bila haraka. Mganga mkuu aliitazama saa yake, kisha saa ya muuguzi, kana kwamba moja haikutosha.

Karatasi ndogo ilisema: Mimi niliyetajwa hapo juu nimesikilizwa na kuelezwa. Nimeridhika na huduma niliyopewa, na sina dai lolote sasa wala baadaye. Barua ya rufaa ilisema: Udhaifu wa vidole, chanzo hakijulikani.

"Mke wangu," alisema, "soma na hii. Tuuokoe mkono kwa barua hii? Yule wa huko akiuliza kilichokatwa ni nini, nimwambie chanzo hakijulikani?"

Mkewe alisoma. Akaisukuma ile karatasi ndogo mbali na mkono wa mumewe.

"Mheshimiwa," Fundi Brashi akasema, "chanzo kimekaa hapo kulia kwako."

"Mzee, tuwe na adabu kidogo. Upasuaji wowote una hatari zake, na wewe uliridhia. Fomu hii hapa: kunyonya kwa sindano, na kuutoa kwa kupasua. Saini yako hii."

"Na mstari ule?"

"Mstari upi?"

"Huo hapo katikati."

Mganga mkuu aliishika fomu mbali na macho. "Hii si... hii ni mikwaruzo tu. Kalamu imeteleza."

"Haijateleza. Geuka, tafadhali. Tazama ukutani nyuma yako."

Wote waligeuka. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa mweupe wenye herufi za kijani: HAKI ZA MGONJWA. Zilikuwa haki saba. Ya tatu ilisema: Kuelezwa na kuulizwa kabla ya kufanyiwa jambo lolote mwilini mwake. Chini ya haki ya saba, toka ukingo mpaka ukingo, ulipita mstari mwembamba, umejikunja mwishoni.

"Niliuandika mimi," Fundi Brashi alisema. "Mlitaka ukamilike kabla wakubwa hawajaja kukagua, nikaumaliza siku mbili. Mkia wake na huo wa kwenye fomu ni mtu na pacha wake. Huwa naupiga chini ya neno la mwisho. Kama neno kupasua lingekuwepo nilipokuwa nasaini, ningeupiga chini yake. Mbona liko chini ya mstari, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa kuruka ukuta?"

Na kimya cha ofisi kina desturi moja: hakivunjwi na mwenye hatia, huvunjwa na anayetaka kusaidia.

"Jamani, mbona jambo hili tunalikuza?" muuguzi alisema, kwa nia njema kabisa, akitaka kumtetea daktari wake. "Mimi nakumbuka, hata nilimwambia asituchoree fomu. Lakini si ajabu daktari kumalizia kujaza baadaye. Ndivyo tunavyofanya kila siku. Mgonjwa anasaini, daktari anajaza alichofanya. Foleni ni ndefu, tutafanyaje? Wote wanafanyiwa hivyo, si yeye peke yake."

Mganga mkuu alikohoa kikohozi kirefu kisicho na makohozi. Muuguzi akatazama huku na huko, na taratibu akaelewa alichokisema. Mkono wake ukaenda kwenye saa ya kifuani, ukakaa hapo.

Wote. Kila siku. Tuyashike maneno hayo, kwa maana wenyewe hawatayarudia.

"Daktari," Fundi Brashi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi sijaja kukufukuzisha kazi. Nataka kujua tu. Ilikuwaje?"

Kijana alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, mtu ambaye mama yake bado humuuliza kama amekula.

"Nilipofika pale niliona uvimbe umekaa vibaya," alisema. "Nikajua sindano haitaumaliza, utarudi tena na tena. Nikasema nimsaidie mzee, nimalize kazi mara moja. Nilikuwa nimeshaiwazia tangu mwanzo. Ndiyo maana nikasema watie ganzi ya mkono mzima. Kulikuwa na uzi mweupe. Nilidhani ni utando wa uvimbe." Aliigeuza miwani mkononi. "Nilipojua siyo utando, ulikuwa umeshakatika."

"Daktari," mganga mkuu alionya.

"Ulidhani," Fundi Brashi alisema. "Kudhani ni kwa binadamu, sikatai. Na mimi nimeshakosea herufi kwenye ubao wa shule, watoto wakanicheka mwaka mzima. Lakini kabla ya kudhani, ungeniuliza. Sikuwa nimelala. Nilikuwa pale pale, macho kodo, kitambaa tu kikitutenganisha. Hata jina la mfungaji wa goli mliyekuwa mkimsifu nalikumbuka. Nikakuuliza, 'Tayari?' Ungekishusha kile kitambaa kwa kidole kimoja, ukasema, 'Fundi, sindano haifai, nipasue?' Kidole kimoja, mwanangu."

Mkewe alimgeukia. Hilo la "Tayari?" alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Akaushika ule mkono wa kulia uliolala kifuani, akaushikilia.

"Mimi napikia watoto mia tatu," alimwambia daktari. "Mtoto akiniambia kijiko kimoja kinamtosha, siwezi kumvizia akigeuka nikamjazia sahani, halafu nikaandika kwamba alikubali. Na hicho ni chakula, siyo mwili."

Daktari aliivuta barua ya rufaa. Mganga mkuu akaweka kiganja juu yake. "Usiandike kitu hapa bila ushauri. Unajua maana yake?"

"Daktari wa huko atakayeufungua mkono huu akiwa hajui, ataharibu kile nilichobakiza," kijana alisema. Akakiondoa kile kiganja kwa adabu, kama anavyoondoa mtoto mkono wa babu yake aliyesinzia. Akafuta chanzo hakijulikani, akaandika juu yake ni mshipa gani, umekatwa wapi, umbali gani toka kifundo, siku gani. Akatia saini yake mbele ya marekebisho.

"Na lile la pili?" Fundi Brashi aliuliza. "Kwamba sikuulizwa?"

Kijana alimtazama mganga mkuu. Kisha akatazama meza. "Hilo, mzee... hilo siwezi."

Basi, hapo ndipo ujasiri wake ulipoishia. Wa wengi huishia kabla ya hapo.

"Sawa," alisema Fundi Brashi. Akaivuta ile karatasi ndogo, akaomba kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Chini ya maneno nimesikilizwa na kuelezwa, kabla ya neno nimeridhika, alipiga mstari. Ulitetemeka, ukapanda, ukashuka, ukaenda kama njia ya mchwa. Lakini ulivuka toka ukingo mpaka ukingo, na mwishoni akaukunja.

"Nimefika hapo tu," alisema.

"Hii haifai!" mganga mkuu alisema, na ile sauti ya kubembeleza watoto ilikuwa imekwisha. "Haina maana yoyote! Irudisheni hiyo barua!"

Lakini barua ilikuwa imeshaingia kwenye mkoba wa mpishi wa shule, na mkoba ulikuwa umeshaingia kwapani, na hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na moyo wa kwenda kuutafuta huko.

*

Kinyozi ndiye aliyewapigia simu walipokuwa wanasubiri kwenye benchi la hospitali kubwa, mwezi wa tano ukiwa umebakisha siku nane.

"Shemeji! Umesikia? Wamebandika tangazo pale hospitali, la kompyuta, kubwa hivi. NI MARUFUKU KUCHORA MISTARI KWENYE FOMU." Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa watu wangu hapa kwenye kiti wote wananiuliza, mistari gani? Nami nawaeleza. Mimi kichwa nanyoa kwa robo saa, habari naieleza nusu saa."

"Waeleze vizuri," Fundi Brashi alisema. "Na usiongeze lako chini yake."

Daktari mpasuaji wa huko alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi mbele. Alikuwa amesoma barua, na alipofika kwenye lile neno lililofutwa aliguna. Akamletea fomu. Watu kumi na wawili walikuwa wanasubiri nje.

"Nisomee," Fundi Brashi alisema.

"Barua inasema wewe ni mwandishi wa mabango. Hujui kusoma?"

"Najua sana. Nataka kusikia ukisema wewe."

Alimtazama kidogo, akavuta kiti, akaketi. Akasoma yote. Akamwambia huenda dole likarudi nusu, huenda lisirudi kabisa, huenda akahitaji kipande cha mshipa toka mguuni, na kwamba hawatajua kabla ya miezi mitatu au minne. Fundi Brashi aliuliza maswali manne, na moja aliliuliza mara mbili. Kisha akasaini kwa kushoto, akapiga mstari wake.

"Huu wa nini?" daktari aliuliza.

"Ndio mwisho wa nilichokubali."

Kesho yake asubuhi walimlaza, wakamtia ganzi toka bega mpaka kucha, wakasimamisha kitambaa cha kijani. Rangi ile ile. Akasikia vyuma vikigongana, akasikia ule mlio mdogo kama wa bahasha, akauma meno akisubiri habari za mpira.

Kitambaa kikatikisika. Ukingo wake wa juu ukashuka kwa kidole kimoja, na juu yake yakatokea macho mawili na zile mvi zikichungulia kwenye kofia.

"Fundi, nimefika kwenye kovu la zamani. Ncha za mshipa naziona, zimeachana kuliko nilivyotarajia. Nitahitaji kipande cha mshipa toka mguuni niziunganishe, kama tulivyosema jana. Mguu huo utabaki na ganzi kidogo pembeni. Nichukue, au niache?"

Fundi Brashi hakujibu upesi. Haikuwa hofu. Alitaka kwanza lile swali limwingie vizuri masikioni, lote, mpaka neno lake la mwisho.

"Chukua," alisema.